Bogenvilia au matete? Maswali tunayoulizwa kitaluni Dodoma

Nina kitalu cha miche pembezoni mwa Jiji la Dodoma, upande wa barabara ya kwenda Hombolo. Mvua zinapokaribia, kuanzia Novemba hivi, wateja huja na simu mkononi: picha ya geti lililofunikwa na bogenvilia ya zambarau, kisha picha ya kidimbwi kilichozungukwa na matete yanayopepea. Wanauliza upi ni mzuri, upi ni rahisi kutunza, upi haufi. Haya ndiyo majibu ninayowapa. Baadhi ya maswali nimeyaongeza mwenyewe, kwa sababu natamani watu wangeyauliza kabla ya kununua na siyo baada ya mwaka.

Kati ya bogenvilia na matete, upi unaifaa Dodoma?

Kabla ya kujibu huwa nauliza: maji ya nyumbani kwako yanatoka wapi, na yakishatumika yanakwenda wapi? Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua. Kwa mwaka mzima tunapata wastani wa milimita 550 hadi 600, na karibu zote zinanyesha kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni miezi saba ya jua, vumbi na upepo. Bogenvilia inaijua miezi hiyo saba na inaipita salama. Matete hayaijui. Hayo kazi yake ni kukaa palipo na maji, na maji yakiondoka nayo yanakauka.

Kwa hiyo kama kiwanja chako ni cha kawaida, kikavu, cha maji ya mgao na boza, chukua bogenvilia. Kama una mahali panapotuama maji mwaka mzima, au maji ya kufulia yanayotiririka nyuma ya nyumba bila mpango, hapo matete yana kazi ya kufanya, na kazi hiyo nitaieleza chini.

Bogenvilia ni ua la namna gani?

Chuma kikonyo kimoja ukitazame kwa karibu. Yale mabawa matatu ya zambarau unayoyaita petali ni majani. Yashike: ni makavu na mepesi kama karatasi, na yana mishipa kama ya jani lolote. Yafungue taratibu. Ndani utakuta vijiti vitatu vyembamba, kila kimoja kimegandana na mshipa wa kati wa jani lake, na nchani pana kiua cheupe kisichozidi upana wa punje ya mahindi. Hicho ndicho ua lenyewe. Rangi yote inayokuvutia ukiwa barabarani ni ya majani yanayomwita mdudu aje kwenye kiua hicho.

Kwa sababu ni majani, hayanyauki haraka kama petali za waridi. Yanadumu wiki kadhaa, hata jua likiwa kali. Ndiyo maana geti lenye bogenvilia linaonekana kama linachanua bila kupumzika.

Mmea huu asili yake ni Amerika ya Kusini. Msafara wa Kifaransa wa Louis Antoine de Bougainville uliukuta Brazili mwaka 1767, meli zilipotia nanga Rio de Janeiro, na mtaalamu wa mimea wa msafara huo, Philibert Commerson, akaupa jina la mkuu wake. Jina hilo ni zito mdomoni, kila mteja analitamka kivyake, na sote tunaelewana.

Tena, ingawa wengi wanasema "inatambaa", bogenvilia ni kichaka chenye matawi marefu. Haina vikono vya kujisokota kama mzabibu, ambao sisi wa Dodoma tunaujua vizuri. Inajishikiza kwa miiba. Ukitaka ipande ukutani, lazima uifunge kwa kamba mwenyewe.

Na matete je? Si ni sawa na mafunjo?

Si sawa. Matete ni nyasi, ndugu wa mpunga, mtama na muwa. Yanayoonekana sana mitoni na mabwawani kwetu wataalamu huyaita *Phragmites mauritianus*, nayo hukua kumzidi mtu urefu mara mbili na zaidi. Shina lake ni la duara, gumu, lina vifundo, na ndani ni tupu kati ya kifundo na kifundo. Juu kabisa hutoa shada la rangi ya vumbi linalofanana na fagio.

Mafunjo ukikata shina lake utaona pembe tatu, ndani kumejaa kitu cheupe kama sponji, na juu kuna mwavuli wa nyuzi za kijani. Halafu kuna mmea wa tatu wa majimaji wenye kichwa cha kahawia, laini kama gunzi lililovikwa sufu. Huo nao wengi huuita matete, lakini majani yake yanatokea chini kama panga na shina halina vifundo. Mianzi ni habari nyingine kabisa.

Simama kando ya matete siku ya upepo wa Julai uone jambo moja. Majani yote yameelekea upande mmoja, kama watu waliogeuka kumtazama anayepita. Ala ya jani imelizunguka shina bila kulibana, kwa hiyo upepo ukivuma jani linazunguka nalo badala ya kuchanika. Nimeyatazama miaka mingi na bado nasimama kutazama.

Matete yako wapi katika mkoa huu mkavu?

Yapo, ukifuata maji. Bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, liko kwenye Mto Kinyasungwe, ambao maji yake huelekea Mto Wami na hatimaye Bahari ya Hindi. Upande wa magharibi Mto Bubu unamwaga maji kwenye mbuga ya Bahi, na hapo ndipo mwisho wake: hayatoki kwenda bahari yoyote, yanabaki hapo yakikaushwa na jua. Kusini kuna Mtera, ambako Ruaha Mkuu na Kisigo hukutana, na maji yake ni ya bonde la Rufiji. Mkoa mmoja unaosemwa ni jangwa umegusa mabonde matatu ya maji. Pembezoni mwa maji hayo, na kwenye makorongo yenye unyevu chini ya mchanga, ndiko matete yanakoishi.

Bogenvilia yangu ina majani mengi mazuri lakini haichanui. Nimekosea wapi?

Hili ndilo swali namba moja. Mama mmoja wa Nkuhungu alinijia akiwa amekasirika kwa haki.

"Mwanangu, hili ua ulilonipa limegoma. Mwaka wa pili huu."

"Shikamoo mama. Unalimwagilia mara ngapi?"

"Marahaba. Kila jioni. Ndoo nzima. Silinyimi kitu."

Nikamwambia alinyime. Bogenvilia ikipata maji kila siku huongeza majani na matawi, kwa sababu haina haraka. Ikihisi kiu ndipo inapochanua. Aliacha kumwagilia, akawa anatoa ndoo moja kila baada ya wiki mbili, majani yakaanza kulegea kidogo wakati wa adhuhuri, naye akanipigia simu kwa hofu kwamba linakufa. Nikamwomba avumilie. Mwezi haukuisha vizuri ukuta ukawa mwekundu.

Maji yakishakuwa sawa, angalia jua. Chini ya saa sita za jua la wazi kwa siku usitegemee rangi. Usiupande chini ya mwarobaini. Kisha angalia mbolea. Samadi nyingi, hasa ya kuku, inaleta majani matupu. Mwisho ni kupogoa: maua hutoka kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo awamu moja ya maua ikiisha, kata ncha za matawi. Asiyekata anabaki na fimbo ndefu zenye ua moja mwishoni.

Haya yote ni kwa mmea uliokwisha kushika. Mche mpya mwaka wake wa kwanza unahitaji maji mara mbili kwa wiki. Usiutese mtoto kwa kanuni za mtu mzima.

Mche wangu ulikufa siku chache baada ya kuupanda, ingawa niliumwagilia.

Mizizi ya bogenvilia ni myepesi kukatika. Ukiung'oa kwenye kiriba, yaani mfuko wa plastiki wa mche, kwa kuuvuta shina, umeshaua. Chana kiriba kwa wembe ukiwa tayari shimoni, uuteremshe na udongo wake wote, usiupigepige mizizi.

Nataka matete uani kwangu kwa urembo. Nipande wapi?

Kama ni urembo tu, usipande. Nasema hivi kwa sababu niliyapanda mwenyewe.

Nilitoa kipande cha shina la chini ya udongo, urefu wa kiganja, nikakizika kando ya mtaro unaopita karibu na bomba la kitalu. Nilitaka kijani kidogo mahali pale palipokuwa na matope. Msimu wa kwanza yalikuwa machipukizi saba. Msimu wa pili sikuweza tena kuhesabu. Shina lile lilikuwa limetambaa chini kwa chini, likatoa ncha ngumu kama za mkuki katikati ya matofali ya njia. Mvua kubwa ya Januari ilipokuja, mtaro ulikuwa umezibwa na mizizi na matope, maji yakakosa pa kupita, yakaingia kwenye vitanda vya miche. Nilipoteza miembe na mipapai niliyokuwa nimeilea tangu Agosti. Kuyaondoa kulituchukua siku tatu za jembe na sururu, na mwaka uliofuata bado tuliokota machipukizi.

Matete hayana ubaya wowote. Nilichofanya ni kumkaribisha mgeni anayekaa milele bila kumwonyesha ukuta wa chumba chake. Ukiyataka, yaweke ndani ya kitu chenye kingo: karo la saruji, beseni kubwa la plastiki lililozikwa, au kitanda cha kokoto kilichotandikwa turubai zito chini na pembeni. Nje ya hapo, yaache bwawani.

Nasikia matete yanasafisha majitaka. Ni kweli?

Ni kweli, na kwa maoni yangu hapa ndipo matete yanapoipita bogenvilia kabisa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanyia kazi jambo hili kwa miaka mingi, na mmea walioutumia sana ni haya matete yetu.

Siri yake iko kwenye shina lile tupu. Matope yaliyolowa hayana hewa, na mizizi ya mimea mingi humo inaoza. Matete yanateremsha hewa kutoka juu hadi mizizini kupitia njia zake za ndani, na sehemu ya hewa hiyo inavuja kwenye matope yaliyouzunguka mzizi. Bakteria wanaohitaji hewa wanakaa pale pale kwenye ngozi ya mzizi na kula uchafu uliomo majini. Pembeni kidogo tu ya mzizi wanakaa wengine wasiopenda hewa, nao wanafanya sehemu yao. Mmea wenyewe unanyonya naitrojeni na fosforasi kwa ajili ya kukua. Kwa kifupi, matete ndiyo yanayojenga nyumba na kuleta hewa, bakteria ndio wafanyakazi.

Kwa nyumba ya kawaida, nazungumzia maji ya kufulia, kuoshea vyombo na kuogea. Usijaribu maji ya choo bila mhandisi. Maji yapite kwanza kwenye shimo dogo la kunasa mafuta na makapi, kisha yaingie kwenye kitanda cha kokoto chenye kina kama cha goti hadi paja, kilichozibwa chini yasinywewe na ardhi. Matete yanapandwa kwenye kokoto. Jambo la kuzingatia sana ni usawa wa maji: ubaki chini ya uso wa kokoto, vidole vichache hivi. Ukiona maji juu, umetengeneza dimbwi la mbu. Fundi aliyezoea kujenga karo anaweza kazi hii ukimweleza vizuri, ingawa wengi hubisha mwanzoni kwamba kokoto zitaziba. Zinaziba ukiruka lile shimo la mafuta.

Yakate matete angalau mara moja au mbili kwa mwaka na uyatoe. Ukiyaacha yaanguke na kuoza pale pale, chakula chote yalichonyonya kinarudi majini. Na maji yanayotoka mwisho wa kitanda ni ya kumwagilia miti na maua. Usiyapeleke kwenye mchicha wala nyanya.

Je, matete hayatanimalizia maji?

Yanakunywa sana, ndiyo. Jua na upepo wa Dodoma vina uwezo wa kuondoa maji zaidi ya mara mbili ya mvua inayonyesha, na matete yenye majani mapana yanauongezea uwezo huo. Ndiyo sababu nakataa kumuuzia mtu anayetaka kuyamwagilia maji safi ya bomba. Maji yaliyokwisha kufulia nguo, hayo yape.

Kwa uzio, upi ni bora?

Hapa watu wanalinganisha vitu viwili tofauti. Bogenvilia ni uzio ulio hai: panda miche kwa nafasi ya mita moja hadi moja na nusu, pogoa mara kwa mara ifumane, na baada ya miaka miwili au mitatu hata kuku hapiti. Mwizi akiitazama miiba ile anaenda kwa jirani. Matete ni uzio uliokatwa, mashina makavu yaliyofungwa kwa kamba kwenye fito. Unausimamisha kwa siku moja, unapitisha hewa, unazuia vumbi la Agosti, unapendeza kwenye banda la mgahawa. Lakini mchwa wa Dodoma hawana huruma. Yakigusa ardhi, msimu mmoja yameliwa. Yainue juu ya mstari wa matofali, au chovya sehemu ya chini kwenye oili chafu kama wanavyofanya wengi, mbali na kisima na bustani.

Kata matete wakati wa kiangazi, yakiwa yamekomaa na kupoteza kijani. Yaliyokatwa mabichi yanasinyaa na kupasuka. Wazee wanaosuka migono ya kuvulia samaki hawahitaji kuambiwa hili.

Mbuzi watakula?

Machipukizi ya vyote viwili, ndiyo. Zungushia miiba mpaka mmea ufike kifuani.

Vipi kuhusu nyoka, mbu na ndege?

Kichaka chochote kilichoachwa bila kufagiliwa chini yake kinaalika nyoka, kiwe bogenvilia au matete. Fagia, toa majani makavu, pandisha matawi ya chini. Mbu nimeshawataja: tatizo ni maji yaliyotuama wazi, na unaweza kuwa na matete bila maji ya wazi.

Ndege ni jambo la kufikiri zaidi. Kwelea kwelea hupenda kulala kwa maelfu kwenye matete na vichaka vya majimaji, na asubuhi wanaamkia kwenye mtama, uwele au mpunga. Wakulima wa Bahi wanajua uchungu wake. Kitanda cha mita tatu nyuma ya nyumba hakitawaita kundi hilo, lakini anayetaka kupanda eneo kubwa karibu na mashamba ya nafaka aongee na majirani na ofisa ugani kwanza.

Miiba na utomvu wa bogenvilia ni hatari kwa watoto?

Miiba inachoma kweli, na baadhi ya watu huwashwa na kutoka vipele baada ya kupogoa. Vaa glovu na shati la mikono mirefu. Yale matawi uliyokata usiyaache njiani: mwiba uliokauka unapita kwenye ndala, na tairi la baiskeli haliponi. Usiipande pembeni ya mahali watoto wanapochezea mpira.

Naruhusiwa kwenda bwawani kukata au kung'oa matete?

Kukata mashina yaliyokomaa ni jambo la kuomba kwa serikali ya kijiji au mtaa husika, na kwa kawaida mnaelewana. Kung'oa na mizizi ni kosa ambalo binafsi linaniuma. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa dhidi ya shughuli zinazoharibu, na ipo sababu. Mizizi ile ndiyo inayoshika kingo na kuzuia mchanga usiingie bwawani. Mabwawa yetu yanajaa tope kila mwaka kutoka kwenye milima iliyokatwa miti. Ukiyatoa matete umefungua mlango uliobaki.

Nitaotesha vipi mwenyewe?

Bogenvilia: chagua tawi lililokomaa nusu, unene wa penseli, ukate sentimita 15 hadi 20, toa majani ya chini, chomeka kwenye kiriba chenye mchanga mwingi na samadi kidogo iliyooza. Weka kivulini, udongo uwe na unyevu lakini usilowe. Mizizi huchukua wiki sita hadi nane, wakati mwingine zaidi, na machipukizi yanayotoka mapema yanadanganya: yanaishi kwa akiba ya tawi. Usihamishe kwa kuona majani mawili. Mimi hufanya kazi hii Septemba na Oktoba ili miche iwe tayari mvua za Desemba zikianza.

Matete: kipande cha shina chenye vifundo viwili au vitatu, kilaze kwenye matope, kifunike nusu. Kitaota.

Naweza kuwa na vyote viwili kwenye kiwanja kimoja?

Unaweza, na nimesaidia kufanya hivyo kwenye nyumba moja Ilazo. Bomba la maji ya kufulia linatoka nyuma ya jiko, linaingia kwenye shimo la mafuta lenye mfuniko wa zege, kisha kwenye kitanda cha kokoto chenye urefu wa hatua tano, na matete yamesimama humo kwa safu nne. Mwisho wa kitanda kuna dumu lililozikwa. Bogenvilia ziko kumi na mbili kwenye ukuta wa mbele, upande wa barabara, juani. Dada wa nyumba ile huchota kwenye lile dumu Jumamosi moja, Jumamosi inayofuata anaziruka na kumwagilia mpera.

Nilipita pale Septemba iliyopita, bomba la mtaa likiwa na siku nne bila maji. Ukuta ulikuwa wa zambarau kutoka kona hadi kona.